Silabi Mbili za Bibi

Katika Ramadhani ya mwaka 2009 dada yangu alipiga simu kutoka Maskati, baada ya futari. Salamu zake zilikuwa fupi kuliko desturi yake. Alikuwa akitaka kanda zake za harusi. Wanawe wamekua, akasema, na hawajapata kuiona sura ya bibi yetu. Deki ya video nyumbani kwake haipo tena, imekwenda pamoja na vitu vikuukuu. Basi, kama kompyuta yangu ile inajua kazi nyingine zaidi ya kuandika mashairi, niziingize kanda humo, nizichome katika diski, nimpelekee kwa mkono wa msafiri.

Kanda zenyewe zilikuwa mbili, za VHS, saa tatu kila moja, nazo zimelala ndani ya kasha la mama tangu mwaka 1991, baina ya kanga na vifurushi vya udi. Tulidhani hapana mahali pa salama kuliko kasha. Kasha huhifadhi dhahabu na hati za shamba, lakini kanda ya video si dhahabu. Ni utepe wa plastiki wenye upana wa milimita 12.7, uliopakwa unga laini wa chuma, na unga huo umeshikwa na gundi inayofyonza unyevu wa hewa. Na hewa yetu ya Unguja, wajua msomaji, hata chumvi ya mezani huigeuza maji. Nilipoinua kifuniko cha kanda ya pili niliiona kuvu nyeupe ukingoni mwa utepe, nyembamba kama uzi. Kwa siku mbili nikawa nauzungusha utepe ule kwa mkono na kuufuta kwa kitambaa cha pamba kikavu, pua na mdomo nimejifunga leso.

Deki nikaazima, waya nikanunua. Hayo yalikuwa mepesi. Mzito alikuwa mama.

"Hizo ni kanda za wanawake, baba," aliniambia. "Wake za watu wamo humo, vichwa wazi."

Sikuwa na la kumjibu, kwani alisema kweli. Aliyepiga picha alikuwa jirani yetu mwanamke, aliyeletewa kamera na mumewe kutoka Dubai. Siku ile milango ilifungwa, sisi wanaume tukabaki barazani na biriani yetu, na ndani wanawake wakavua mabuibui yao kwa kuuamini mlango. Kwa mama, mlango ule ulikuwa haujafunguliwa bado. Bibi yangu ni bibi yangu, halali yangu kumwona. Dada yangu na shangazi zangu kadhalika. Lakini kamera haikupiga picha ya mtu mmoja mmoja.

Tukapatana hivi. Kanda haiingii katika kompyuta kwa haraka: ya saa tatu hutaka saa tatu kamili, nayo huchezwa mwanzo mpaka mwisho huku kompyuta ikinasa. Na picha ya kanda kongwe hucheza, hupasuka mistari, mpaka mtu azungushe kitufe cha deki airudishe mahali pake. Basi mama akakaa kuielekea kompyuta, na mimi nikakaa kuipa mgongo, mkono juu ya deki.

"Imecheza." Nazungusha. "Bado." Nazungusha. "Hapo, hapo, usiiguse."

Kila alipotoka kwenda kusali, aliitupia kompyuta kanga.

Nilidhani nitachoka. Lakini mama alipokwisha zoea alisahau kwamba nipo, akaanza kuzungumza na watu wake. Huyu ni fulani, Mungu amrehemu, na gauni lile aliazima kwa mkewe fulani, na hakulirudisha. Huyu amehamia Tanga. Huyu anacheka, na mumewe amemwacha juzi tu, tazama meno yake. Yule mlangoni aliyejifunika nusu uso hakualikwa, akaja, tukampa chakula akala. Miaka kumi na minane ilikuwa imepita, na nusu ya wanawake wale walikuwa makaburini. Yeye aliwaita mmoja mmoja kwa jina la mama na jina la mtaa. Waya wangu ulikuwa ukichukua sauti ya kanda tu. Maneno ya mama hayakuingia popote, na mimi, niliyejiona mhifadhi, sikuwa na akili ya kuweka hata redio ndogo ya kurekodia kando yake.

Kanda ya pili tuliianza mwezi wa Disemba, na tulikuwa hatujafika mbali ulipokatika umeme. Nasema umekatika, lakini msomaji wa kisiwani anakumbuka vizuri: umeme utokao Bara kwa waya wa chini ya bahari uliondoka Disemba 2009, ukarudi Machi 2010. Jenereta za majirani zilinguruma usiku kucha, maji yakawa ya kubeba, na mimi sikuuamini moto wa jenereta kuunganisha na deki ya watu. Nikaitia kanda ndani ya bati la biskuti, juu ya mchele mkavu, nikalifunga kwa utepe wa gundi. Mama alikuwa akiliuliza bati lile kama anavyouliziwa mgonjwa.

Uliporudi umeme tukamaliza. Ndipo, katika saa ya pili ya kanda hiyo, nilipoisikia sauti ya bibi. Mama alikuwa amekwenda kusali alasiri, kanga iko juu ya kioo, na mimi peke yangu na mgongo wangu. Vigelegele vikanyamaza. Bibi akakohoa, akaanza shairi la kumuusia bibi harusi, beti saba, mizani kumi na sita kwa mshororo, nane kwa nane, bila ya kuyumba. Bibi alizijua herufi za Kiarabu, lakini mashairi yake hakuyatia karatasini hata siku moja. Aliyatunga kichwani na kuyaacha hewani.

Mama aliposikia kwamba sasa nakwenda kuchoma, alishtuka. "Unachoma nini tena?" Nikamweleza kuwa ndani ya diski pana tabaka jembamba la rangi, na mwanga mwekundu mwembamba kuliko sindano huiunguza rangi hiyo alama kwa alama, alama hizo ndizo picha. Diski moja ya DVD hubeba gigabaiti 4.7, nami sikutaka kuibana picha mno, kwa hiyo kila kanda ikala diski mbili. Kompyuta ilifanya kazi usiku mzima kuzitayarisha. Nikatoa seti mbili, moja ya Maskati, moja ya kasha. Kisha mama akaketi kando yangu na kusema, "Futa." Nikafuta mafaili, nikamwaga na pipa la taka.

"Hakikubaki kitu?"

Nikamwomba sauti peke yake, bila picha. Akafikiri kwa muda. "Sauti ya bibi yako," akasema hatimaye, "ilikuwa ikisikika mpaka msikitini. Sauti chukua."

Wiki kadhaa baadaye, nilipokaa kuyanukuu mashairi yale, ndipo nilipoliona pengo. Katika ubeti wa tano, mwisho wa mshororo wa tatu, sauti inazama kama mtu aliyetiwa kichwa majini, halafu inaibuka mshororo wa nne umekwisha anza. Kanda ya VHS, picha yake huandikwa kwa mistari ya mshazari katikati ya utepe, na sauti ya kawaida huandikwa kwa mstari mmoja ulionyooka ukingoni. Kuvu nayo ilianzia ukingoni. Nilihesabu mizani. Zilizobaki zilikuwa kumi na nne. Silabi mbili zimeliwa, na ya pili naijua bila ya kuisikia, kwani mishororo miwili iliyotangulia inaishia kwa *ma*. Nilimuuliza mama. Hakukumbuka, macho yake yalikuwa yameanza mtoto wa jicho, na diski hakutaka zifunguliwe tena. Kujaza pengo mwenyewe si kazi ngumu kwa mtu aliyezoea kutunga. Nimejaza mengi ya kwangu. Hili sikuthubutu.

Mama alifariki mwaka 2013. Mwaka 2016 kiwanda cha mwisho duniani kilichokuwa kikiunda deki za VHS, huko Japani, kiliacha kuziunda. Diski zilizokuwa katika kasha hazisomi tena. Rangi ile iliyounguzwa hufifia pia, kwa joto na kwa mwanga, nami nadhani zilikuwa za bei rahisi. Zilizobaki ni zile za Maskati.

Mwaka jana binti wa dada yangu alinipigia. Alikuwa akizitazama, na mama yake hakuweza kumwambia yule aliyejifunika nusu uso mlangoni ni nani. "Hakualikwa," nikamwambia, "akaja, wakampa chakula akala." Akacheka sana. Akaniuliza nimejuaje ilhali sijaiona. Basi tukafanya hivi, yeye na picha kule, mimi na sauti huku, tunaanzisha pamoja. Ananieleza anayemwona, nami namweleza ninayokumbuka katika maneno ya mama. Mengi nimesahau. Wengine tumewapita bila ya jina.

Tulipofika kwa bibi nikamwomba aitazame midomo yake, ubeti wa tano, mshororo wa tatu, mwisho.

"Nikukatie kipande, Mjomba, nikutumie kwa simu? Dakika moja tu."

Nikamuuliza nyuma ya bibi kuna nani. Akanyamaza kidogo. Wamejaa, akasema, safu mbili, mmoja ananyonyesha. Nikamwambia asikate.

Akairudisha, akaitazama, akairudisha tena. "Kwanza midomo ni duara, kama anapuliza," akasema. "Halafu imefumba. Halafu imefunguka."

Kufumba na kufunguka ni *ma* yangu, iko mahali pake. Duara ni *o*, au *u*. Nikaandika kwa penseli pambizoni: soma. Chini yake: koma. Chini yake: nyuma.

"Alikuwa akimwambia Mama asome au akome?" mpwa wangu akauliza.

Nikamwambia airudishe mara nyingine, polepole, aangalie kama ulimi umegusa meno.