Barua kutoka Houston: Uniti Moja Ndani ya Sanduku

Kwa mjomba wangu mpendwa, na kwa jamaa wote wa Kilindoni, Utende, Chole na Jibondo,

Waraka huu, mjomba, ni jawabu la suali ulilonipelekea, uliponitaka nikueleze kwa tafsili habari za yale masanduku ya umeme ambayo vijana huyaita pawabanki kubwa: je, yafaa kununuliwa kwa ajili ya nyumba, kwa ajili ya biashara yako ya samaki, na kwa ajili ya dago la uvuvi la binamu zangu, au ni anasa ya watu wa ughaibuni isiyomfaa mtu wa kisiwani?

Watu wengi wa nyumbani hudhani kwamba katika nchi yenye utajiri kama Marekani giza halimpati mtu ila kwa kuzima taa mwenyewe, lakini hakika ya mambo ni kwamba mwaka 2024 sisi na nyinyi tulionja kikombe kimoja, kwani kimbunga Hidaya kilipotua kisiwani kwetu Mafia tarehe 4 Mei, haikupita hata miezi mitatu kimbunga Beryl nacho kikaipiga pwani ya Texas alfajiri ya tarehe 8 Julai, na wateja zaidi ya milioni 2 wa Houston na viunga vyake wakakosa umeme, wengine kwa zaidi ya juma zima, katika joto ambalo lenyewe lilichukua roho za watu. Tena Texas, mjomba, ingawa ni nchi kavu, katika jambo hili la umeme nayo ni kisiwa, maana mtandao wake umejitenga na ile mitandao mikubwa ya majimbo mengine, ukiungana nayo kwa njia chache tu zisizotosha kuleta auni kubwa wakati wa shida. Na ndiyo sababu mojawapo iliyofanya baridi kali ya Februari 2021 iwe msiba, nyumba zaidi ya milioni 4 zikikosa umeme, na serikali ya jimbo ikahesabu watu 246 waliofariki, baadhi yao wakiuawa na moshi wa jenereta na wa mkaa walioufungia ndani wakitafuta joto. Nyinyi mnaokaa mbele ya mdomo wa mto Rufiji, ambao huko juu bwawa la Julius Nyerere limejengwa kutoa megawati 2,115, ilhali kisiwa chetu kimezoea kuishi kwa majenereta ya dizeli inayovushwa kwa bahari, hamhitaji kufundishwa na mtu maana ya kukatikiwa umeme.

Basi sanduku lenyewe ni nini? Ni betri, inveta inayogeuza umeme wa betri kuwa wa nyumbani, na chaja, vilivyotiwa ndani ya kasha moja lenye mpini, na lile la ukubwa wa wastani, ambalo ndilo ninalolisema hapa, huwa na uzani wa kilo kumi na kidogo hadi kumi na sita, na hubeba umeme wa wati 1,000 kwa muda wa saa moja, yaani uniti moja ile ile mnayoinunua kwa LUKU. Ukilishika hilo moyoni, mjomba, umekwisha kuelewa nusu ya maneno yangu, kwa maana wauzaji husifu zaidi ile nguvu ya kutoa, wakakwambia sanduku latoa wati 1,800 na laweza kuchemsha birika, nao hawasemi uongo. Ila hawakwambii kwamba birika likiendelea kuchemka, sanduku limekwisha kabla ya nusu saa. Sanduku hili ni mtungi, si kisima: hutoa kile tu kilichotiwa ndani yake, na hata hicho hakitoki chote, kwani inveta hula sehemu yake, na aghalabu kinachofika kwenye chombo ni kama asilimia 85.

Kuhusu betri iliyomo ndani, zipo za namna mbili, na tofauti yake ni kubwa kuliko tofauti ya bei. Zile za zamani zenye kobalti huanza kuchoka baada ya kujazwa na kumalizwa mara mia tano hivi, na zikipata hitilafu hushika moto kwa urahisi zaidi. Zile za lithiamu na fosfeti ya chuma, ambazo juu ya kasha huandikwa LiFePO4, hustahimili mara 3,000 na zaidi kabla ya kushuka hadi asilimia 80 ya uwezo wake, na ni tulivu zaidi katika joto. Yafaa mjue kwamba maada hii ilivumbuliwa kuwa betri papa hapa Texas, katika chuo kikuu cha mji wa Austin, na jopo la mzee John Goodenough, aliyepewa tuzo ya Nobel ya kemia pamoja na wenzake wawili mwaka 2019 akiwa na umri wa miaka 97, kisha akafariki mwaka 2023 akiwa ametimiza miaka 100. Mimi nasema bila ya kusitasita kwamba kwa nchi ya joto kama yetu, sanduku lisilo na maandishi hayo lisinunuliwe hata likishushwa bei.

Sasa nikupe habari za yale niliyoyaona kwa macho. Beryl alipokata nyaya za mtaa wetu, nililiunga sanduku na jokofu la jikoni, na kioo chake kidogo kikaonyesha wati 120 mashine ya jokofu ilipokuwa ikinguruma, kisha hesabu ikashuka hadi chini kabisa mashine ilipopumzika, na pamoja nayo yale makisio ya muda uliosalia yakaruka kutoka saa saba hadi saa tisini na tisa, hata mke wangu akafurahi bila ya sababu. Makisio hayo si ya kutegemewa; la kutegemewa ni asilimia iliyosalia, na hiyo ilipofika magharibi ilikuwa imekaribia kwisha. Kuanzia hapo tukabadili mwendo: jokofu likapewa saa chache asubuhi na chache jioni, mlango ukafungwa bila ya kuchunguliwa, na umeme uliobaki ukaachiwa feni ya watoto na kijijokofu cha safari alichokuja nacho jirani yetu, bibi mmoja wa Kikongo, ambamo aliweka insulini yake. Kile kijijokofu tulikichomeka kwenye tundu la volti 12, mfano wa lile la gari, tukaizima inveta, kwa sababu inveta ikiwashwa bure hula wati 10 hadi 20 muda wote hata kama haitumikii kitu, na usiku mzima wa hasara ya namna hiyo ni sawa na kuwanyima watoto feni kwa saa kadhaa. Bibi yule alikuwa akikitazama kile kioo kila baada ya muda, akiuliza kwa sauti ya chini kama chaji bado ipo. Nami tangu hapo sikuweza tena kulihesabu sanduku hili kuwa ni kitu cha matembezi.

Na kwa kuwa huku watu hulinunua zaidi kwa ajili ya kupiga kambi, tumewahi kwenda nalo na watoto katika hifadhi ya Brazos Bend, karibu na vidimbwi vya mamba, na huko likawasha taa, likachaji simu na kuendesha feni hemani bila ya taabu yoyote. Ila mchana lilipoachwa juani pamoja na paneli yake ya sola lilipata joto likakataa kupokea chaji mpaka lilipohamishiwa kivulini. Basi kanuni ni hii: paneli ikae juani, sanduku likae kivulini, na waya uwe mrefu wa kutosha kati yake.

Tukija kwenye hesabu ya nyumba yako, uniti moja, baada ya kuondoa kinachopotea, yatosha taa nne za wati 5 kwa siku tatu na zaidi, saa kumi na mbili kila usiku, au feni ya wati 40 kwa saa ishirini, au kujaza simu za kawaida zipatazo hamsini. Paneli ya wati 200, kwa jua la kaskazi, yaweza kurudisha robo tatu ya uniti kwa siku. Lakini Hidaya alikuja katika masika, na siku zinazofuata dhoruba mara nyingi mbingu huwa nzito, kwa hiyo yeyote atakayetegemea jua peke yake sharti azoee kutumia kwa uchache.

Ama gharama, masanduku haya huuzwa hapa kati ya dola 450 na 1,000. Tukichukua la dola 700, na tukilitumia mara 3,000 kamili, kila uniti itakuwa imetugharimu kiasi cha senti 27, karibu shilingi 700 za kwetu, nayo ni ghali kuliko ya LUKU. Jenereta ndogo hula takriban nusu lita ya petroli kwa uniti moja, na zaidi ya hapo ikiwashwa kwa ajili ya taa mbili tatu tu, pamoja na kelele na moshi wake. Kwa hiyo sanduku haliji kuchukua nafasi ya umeme wa kawaida; thamani yake iko katika zile saa ambazo umeme wa kawaida haupo.

Fauka ya hayo, mjomba, usiniombe nikununulie huku. Umeme wa Marekani ni wa volti 120 na wa nyumbani ni wa volti 230, kwa hiyo sanduku la Houston haliwezi kuendesha jokofu la Kilindoni, na ukilichomeka ukutani huko waweza kuliunguza. Tena ndege za abiria hazipokei katika mizigo ya msafiri betri inayozidi saa-wati 160, nalo hili lapita kiasi hicho mara sita. Mtu akikuahidi kulileta ndani ya sanduku lake la nguo, amekuahidi kisichowezekana. Linunuliwe Dar es Salaam, kwa muuzaji mwenye dhamana ya maandishi, likiwa limeandikwa volti 230 na hezi 50.

Hukumu yangu, basi, ni hii. Kwa biashara ya samaki, usilinunue, kwa maana friza kubwa hula uniti moja na nusu au mbili kwa siku, na barafu pamoja na kasha zuri la kuhifadhia baridi litakufaa zaidi. Kwa dago, vilevile hapana, kwani sanduku hili halikuzibwa dhidi ya maji, na feni yake huvuta ndani ile hewa ya chumvi; wavuvi watosheke na taa ndogo za sola zilizozibwa. Lakini kwa nyumba yenye mgonjwa, mzazi aliyejifungua, au watoto wanaosoma usiku, nasema linunuliwe, na kama fedha hazitoshi, nyumba tatu za ukoo mmoja zishirikiane, likae kwa yule mwenye haja kubwa.

Nanyi ndugu zangu wa ughaibuni mtakaosoma barua hii, kabla ya kutuma fedha waombeni jamaa waandike jina la kila chombo, wati zake, na saa watakazokitumia. Wajumlishe, ndipo wanunue, na wanunue kabla ya masika.

Wakatabahu, mwanenu,
Houston, Texas