Mzigo Mwepesi

Simiti inaheshimiwa. Waambie vijana wapakie mifuko 20, watavua mashati kwanza, wapange miguu, wahesabiane. Lakini paipu za plastiki? Mtu anatia nne begani huku anaongea na simu. Nimefanya kazi miaka minne kwenye duka la vifaa vya ujenzi hapa Changamwe, na nimeona kwamba mzigo mwepesi ndio unaoharibiwa zaidi, maana hakuna anayeuogopa.

Paipu ya PVC kwa kawaida ina urefu wa mita 6. Nyuma ya pikapu hapafiki hata nusu yake. Basi zinazobaki zinaning'inia, zikipigwapigwa kwa kila tuta. Zikifika, utaziona nzima. Kumbe ufa uko mdomoni, mwembamba kama unywele. Fundi anaunga, anafukia, anamwaga zege juu. Siku maji yakifunguliwa, ufa nao unaanza kazi.

Shangazi yangu anakaa Likoni, upande wa Mtongwe. Alijinyima kwenye chama mpaka akapata pesa za kuvuta maji nyumbani. Paipu alinunua kwengine, dereva akazifunga kwa waya na kuukaza mpaka ukazama kwenye plastiki. Miezi mitatu baadaye ukuta wa jikoni umelowa, na mita inazunguka usiku watu wamelala. Sakafu ilivunjwa mara mbili. Duka likasema ni fundi, fundi akasema ni dereva, dereva hakushika simu. Shangazi akarudi kununua maji ya mkokoteni, mtungi kwa mtungi, huku yale aliyolipia yakinywewa na mchanga.

Usipoziba ufa utajenga ukuta, sawa. Lakini huu wa shangazi ulikuja na gari, ukazikwa kabla hajauona.

Kwetu anayesimamia upakiaji ni mzee mmoja, hamali wa zamani. "Mwanangu," huniambia, "hizi si kuni." Kwanza hupapasa sakafu ya lori kwa kiganja: msumari, kokoto, chochote chenye ncha. Paipu nene hulala chini, nyembamba juu, au nyembamba huingizwa ndani ya nene. Midomo mipana huipishanisha, mmoja huku, mwenzake kule, ili paipu zilale mwili kwa mwili badala ya kuegemea midomo. Hufunga kwa kamba au vipande vya tyubu kuukuu, na kamba inapopita hutanguliza gunia. Hukaza kiasi: zisicheze, zisibonyee. Jua letu nalo ni adui; paipu ikipata joto imepinda, hubaki imepinda. Ndiyo maana hupenda lori liondoke asubuhi. Na kwenye kushusha, ole wako urushe au uburute.

Siku hizi lori laweza kuzunguka kwa Dongo Kundu, lakini mizigo midogo bado inapita feri kwa mkokoteni. Hapo si maji tu tunayolinda. Mkokoteni ukiteremka kuelekea feri saa kumi na moja jioni, ncha za paipu ziko usawa wa macho ya watu, na watu ni maelfu, wanafunzi na kina mama na vikapu. Fungu likilegea, mtu anapoteza jicho. Kile kitambaa chekundu nyuma si pambo.

Maji ya Mzima husafiri zaidi ya kilomita 200 kutoka Tsavo kuja Mombasa, tangu 1957. Ya Marere hushuka kutoka Shimba Hills. Yatoke kote huko, halafu yapotelee hatua mbili kutoka kwenye sufuria yako, kwa sababu ya kipande cha waya?

Kwa hivyo ukinunua paipu, usiishie kaunta. Simama zikipakiwa, hata dereva akinuna. Zikifika, kabla hujalipa nauli, pitisha kidole kwenye kila mdomo na utazame kila mkwaruzo juani. Shangazi alipojaribu tena alizipapasa zote 14, moja moja, dereva akipiga honi barabarani. Mbili alizirudisha.