Dhahabu ya Sekenke

Mtajie Sekenke dereva yeyote wa lori atakusimulia mlima: kona kali, breki zilizogoma, magari yaliyolala bondeni. Hata sisi wa Tanga tukipanda basi la Mwanza, jina hilo tunalijua kwa mteremko wake tu, kule Iramba, mkoani Singida. Wachache wanajua kuwa Sekenke ni jina la mgodi wa dhahabu pia, ulioanza kuchimbwa mwaka 1909 enzi za Mjerumani, ukafungwa 1959, miaka miwili kabla ya Uhuru.

Mgodi huu una kisa. Novemba 1914 Wajerumani waliwachapa Waingereza hapa hapa Tanga, lakini mwaka uliofuata manowari za Waingereza zikaifunga pwani yote. Fedha kutoka Ulaya zikakatika, na noti za dharura watu hawakuziamini. Basi mwaka 1916 Wajerumani wakaanza kujitengenezea sarafu kwenye karakana ya reli, Tabora. Maganda ya risasi yakawa heller 5 na 20. Dhahabu ya Sekenke ikawa rupia 15: upande mmoja tai wa Kaiser, upande wa pili tembo kainua mkonga, milima nyuma yake. Zilitoka kama 16,000 hivi. Septemba mwaka huo huo Wabelgiji wakaiteka Tabora, mchezo ukaisha.

Sarafu zile zipo hadi leo, jamani! Huko Ulaya na Marekani zinapigwa mnada kwa maelfu ya dola. Muuzaji atakueleza uzito wake, gramu 7 na ushee, na herufi T ya Tabora iliyochongwa chini. Kijana wa Kiafrika aliyeingia shimoni kuitoa dhahabu hiyo haimo kwenye hesabu.

Na Sekenke kwenyewe? Wachimbaji wadogo bado wanahangaika na miamba ile ile, kwa sululu na karasha, wakitafuta mabaki ya walichoacha wakoloni.

Sisemi tukazinunue sarafu zile. Kinachoniuma ni kwamba mtoza sarafu wa Berlin anaijua Sekenke kuliko mwanafunzi wa Singida. Vibao vya kutuonya juu ya kona tunavihitaji, vinaokoa maisha. Naomba kiongezwe kimoja tu, kwa Kiswahili, kimwambie abiria dhahabu ya hapa ilikwenda wapi, na nani aliichimba.

Au mnasemaje, wadau?