Ndege wa Laga ya Tarach

Wazazi, walezi na watoto wa kambi yetu,

Baadhi yenu mmetuuliza: ninyi walimu, kila Jumamosi asubuhi mnawapeleka watoto wetu wapi? Mama mmoja wa Kakuma 1 alisikia binti yake akisema, "Kesho tunaenda na mwalimu kuangalia ndege." Akamwogesha, akamvalisha gauni la kanisani na viatu vyeupe. Alidhani tunaenda kule uwanjani zinakotua ndege zinazobeba familia za kwenda ng'ambo. Mtoto alirudi na matope mpaka magotini. Mama akaja kwetu na hasira, na haki alikuwa nayo, maana hatukumweleza. Basi leo tunaeleza, ili kila mmoja ajue.

Sisi ni walimu wawili wa kujitolea. Mmoja ametoka Uvira, Kongo, mwingine ametoka Ruyigi, Burundi. Sekondari tumemalizia hapa hapa kambini. Darasani tunafundisha Kiswahili na hesabu, na watoto wanajua tunavyosisitiza: ndege ya chuma tunasema "imetua", ndege mwenye manyoya tunasema "ametua". Herufi moja tu, lakini tofauti ni kubwa. Sisi tunahesabu wale wanaotua.

Tulianza Oktoba 2022. Ukame ulikuwa mkali, mvua zilikuwa zimekosa tangu mwisho wa mwaka 2020. Mgeni mmoja alituachia darubini ya zamani, jicho moja limepasuka, jingine linaona vizuri. Tukasema, tusiiweke sandukuni. Tunatoka saa kumi na mbili na nusu asubuhi, tunafuata ukingo wa laga ya Tarach kuanzia pale watu wanapovukia kwenda mjini, na saa mbili tunarudi kabla jua halijawa moto. Njia ni ile ile kila wiki. Kila mtoto ana ndege wake wa kuhesabu, na daftari moja tu ndilo linaandikwa.

Kusema ukweli, mwanzo tulifikiri tutachoka baada ya mwezi. Wengi wetu husema hapa Kakuma hakuna majira, kuna jua na vumbi tu, leo ni kama jana. Kumbe majira yapo. Sisi ndio tulikuwa hatujaangalia.

Wakati wa kiangazi, Januari mpaka Machi, laga ni mchanga mtupu. Akina mama, wenyeji Waturkana na wakimbizi, wanachimba visima vya mchanga kupata maji. Wakishateka na kuondoka, njiwa na tetere wanashuka kunywa matone yaliyobaki. Kwenzi nao wapo, wale wenye mgongo wa buluu unaong'aa na tumbo la rangi ya kutu, wanaingia mpaka jikoni kwenu. Kwenye takataka wanasimama korongo wakubwa wenye upara, wale watoto wanaowaita "wazee wa kamati". Hondohondo wanapigapiga midomo kwenye migunga.

Lakini miezi hiyo hiyo kuna wageni. Mbayuwayu wanapita chini chini juu ya mchanga wakikamata wadudu. Kuna ndege mdogo wa manjano anayetikisa mkia katikati ya miguu ya mbuzi. Hawa huzaliwa mbali sana, Ulaya na Asia, wanakuja kwetu baridi ikianza kule. Mbayuwayu ana uzito wa gramu 20 hivi, sawa na vijiko vinne vya chai vya sukari. Tulipima sukari darasani, watoto wakaishika mkononi, wakanyamaza. Na kijisukari hicho kimevuka jangwa la Sahara!

Mtoto mmoja akauliza, "Mwalimu, hawa kibali cha kusafiri wanapewa na nani?" Tukacheka. Wazazi waliokuwa kisimani hawakucheka, nasi tukaona heri tujibu vizuri. Tulimwambia ndege hasafiri kwa sababu ana uhuru kuliko sisi. Anasafiri kwa sababu baridi ikija wadudu wanakwisha, na asipoondoka atakufa njaa. Njiani wengi wanakufa. Wanaofika ni wale tunaowaona. Mtoto akasema, "Basi ni kama sisi." Hatukuongeza neno.

Ikifika Mei, mbayuwayu hawapo. Juni hawapo, Julai hawapo. Watoto wakaacha nafasi wazi kwenye daftari. Tukawaambia hapana, andika sifuri. Nafasi wazi ina maana hatukwenda, au tulisahau. Sifuri ina maana tulikwenda, tuliangalia, hatukuona. Sifuri ni hesabu, tena ni hesabu ngumu, maana kuamka alfajiri kwenda kuandika sifuri kunahitaji moyo. Septemba ikiisha, mtoto wa kwanza kumwona mbayuwayu anapiga kelele, na ile safu ya sifuri ndiyo inayoifanya moja kuwa tamu.

Laga yenyewe nayo imetufundisha, na hapa wazazi msikie vizuri. Mwisho wa mwaka 2023, mvua zile za El Niño, tulikuwa na watoto kumi na wawili katikati ya mchanga. Juu yetu mbingu nyeupe, jua linawaka. Mzee mmoja Mturkana akatupigia mbinja kutoka ukingoni, akaelekeza fimbo magharibi, upande wa Uganda. Kule mawingu yalikuwa meusi. Akasema kwa Kiswahili chake, "Toka. Maji iko njiani." Tulitoka. Hazikupita dakika kumi, maji ya rangi ya chai ya maziwa yakaja na matawi, mapipa na mbuzi mmoja aliyekufa. Tangu siku ile hatushuki mchangani. Tunatembea ukingoni tu, na kabla ya kitu chochote tunaangalia magharibi.

Sasa tuwaeleze jambo lililotugusa zaidi.

Mvua za Aprili na Mei zinaleta ndege mwingine, keremkerem, mla nyuki. Aina ya kwetu ana koo jeupe, shingo nyeusi, mgongo wa kijani, na manyoya mawili marefu mkiani. Anachimba shimo kwenye udongo wa mchanga, refu kupita mkono wa mtu mzima, anataga humo ndani. Mwaka 2024 walichimba kwenye kijiukingo karibu na migunga mitatu. Tulihesabu mashimo 19.

Mwaka ule mgao ulipunguzwa, mnakumbuka nyote. Jumamosi moja tukamkuta kijana wa miaka kumi na miwili hivi, ana manati shingoni na tetere wanne amewafunga kwa uzi. Tukaanza mahubiri: ndege ni viumbe, usiwaue, na kadhalika. Alitusikiliza mpaka mwisho kwa adabu, halafu akasema, "Mwalimu, ninyi mnahesabu wa kuandika. Mimi nahesabu wa kupika. Kwetu tuko saba."

Tulikosa jibu. Hata sisi jana yake tulikuwa tumekula mara moja tu. Ni rahisi kumwambia mwenye njaa asile. Tukamwacha aende.

Jumamosi iliyofuata alikuja mwenyewe, akasimama mbali. Mwishowe akatuambia, "Mnakanyaga. Juzi mmebomoa mashimo mawili." Ilikuwa kweli. Tulikuwa tukikaribia sana ili tuone vizuri kwa lile jicho moja la darubini. Halafu akaonyesha shimo moja: "Hili linalishwa na ndege watano." Tukabisha. Baba na mama, watano wanatoka wapi? Akasema, "Kaeni chini muone." Tukakaa saa nzima. Mmoja wao mkia ulikuwa na unyoya mmoja mrefu badala ya miwili, mwingine ana doa kifuani, mwingine ukucha umepinda. Kweli, walikuwa watano, wanapokezana kuleta wadudu kwenye shimo moja.

Tulikwenda maktaba, tukapata kitabu cha ndege, nacho kinasema hivyo hivyo. Keremkerem hawa wana wasaidizi. Ndege ambao si baba wala mama wa vifaranga wanasaidia kuwalisha mpaka waruke. Mtu wa manati alikuwa ameona kwa macho yake kitu ambacho sisi walimu tulikihitaji kitabuni.

Kijana huyu hana wazazi hapa. Alifika kambini peke yake akiwa mdogo, na mama mmoja ambaye si wa ukoo wake, wala lugha yao ya nyumbani si moja, akamwingiza kwenye kadi yake na kumlea pamoja na wanawe. Sisi hatukumwambia chochote kuhusu hilo, naye hakusema. Lakini nyumbani alisimulia, maana jioni yule mama alikuja kutuuliza kama ni kweli au mtoto anamdanganya. Tukamwambia ni kweli, tumeona. Akacheka sana, akasema, "Basi na mimi ni ndege wa tano." Akaondoka na ndoo yake.

Kitu kingine kilichotufurahisha: kitabu kinasema keremkerem hawa wakimaliza kulea wanahama kwenda misitu ya ikweta, tangu Afrika ya Magharibi mpaka Kongo na Uganda. Huko wanakula hata maganda ya chikichi, yale ya mawese, yanayoangushwa na kindi. Yule mwalimu wa Uvira aliruka. Miaka mingi anatafuta mawese ya kweli hapa Kakuma, kumbe kuna mtu anayaonja kila mwaka na kurudi!

Mwezi huo huo wa Mei maji yalikuja usiku. Asubuhi ule ukingo haukuwepo. Migunga miwili ilibaki, mmoja umelala, na pale palipokuwa na mashimo 19 palikuwa na tope laini kama uji. Watoto wengine walilia. Mwenye zamu ya daftari akauliza tuandike nini. Tukasema sifuri. Kijana wa manati akakataa kabisa: "Si sifuri. Walikuwepo." Tulibishana naye pale pale kwenye matope. Mwisho tukafungua ukurasa wa wiki iliyopita, tukamwonyesha: 19, kwa mwandiko wake mwenyewe. Ile haifutiki. Sifuri ya leo haisemi kwamba hawakuwahi kuwepo, inasema leo tumekuja na hatukuwaona. Akachukua kalamu, akaandika yeye.

Wazazi, hapo ndipo tulipoelewa kwa nini kazi hii ina maana, zaidi ya kupitisha muda. Sisi sote tumeacha vitu ambavyo havipo tena pale tulipoviacha. Watoto wetu wanavisikia kwenye hadithi zetu tu. Kuandika kilichokuwepo, na tarehe yake, bila kuongeza na bila kupunguza, ni kazi mtoto anaweza kuifanya kwa mikono yake.

Aprili 2025 keremkerem walirudi. Walichimba upande wa pili, juu zaidi. Mashimo 11 tu. Hatuwezi kujua kama ni wale wale, na hatukuandika kwamba ni wale wale.

Hatutaki kuwadanganya. Kijana bado ana manati yake, na tetere bado anawapiga chakula kikipungua. Lakini tumepatana: tangu Aprili mpaka Julai hakuna manati karibu na mashimo, na yeye ndiye mlinzi. Wenzake wanamsikia kuliko wanavyotusikia sisi.

Na yule mama wa viatu vyeupe? Safari ya familia yake ilisimama Januari 2025, safari za wakimbizi kwenda Marekani ziliposimamishwa. Kwa wiki kadhaa binti yake hakutaka kuja. Kila ndege ya chuma ikipita alikuwa anaingia ndani. Hatukumlazimisha. Siku moja alirudi, akashika darubini, akaomba ahesabu mbayuwayu. Akaandika: "Saba wametua." Mama yake sasa anampa chupa ya maji na kandambili za zamani.

Wanaotaka kujiunga, karibuni. Ni kila Jumamosi, tunakutana penye kivuko saa kumi na mbili na robo. Mtoto aje amevaa viatu vya kufunika miguu kwa sababu ya miiba ya mathenge, awe na maji ya kunywa, na mzazi awe anajua amekwenda. Tukiona mawingu magharibi tunaahirisha, msitulaumu. Jumamosi ya pili ya Mei na ya Oktoba ni Siku ya Ndege Wahamaji Duniani, iliyoanzia hapa hapa Kenya mwaka 2006. Siku hizo mbili tunapenda wazazi waje pia. Tunaomba vilevile mwenye daftari lisilotumika atukumbuke, letu limebakiza kurasa sita.



Ni sisi, walimu wenu wa Jumamosi.