NILIMFUNGULIA MBWA DRIPU, DOKTA AKANITOA NJE!

Kwetu Mwanza ukisema umempeleka mbwa akafanyiwe oparesheni utachekwa kuanzia Pasiansi mpaka Mwaloni. Mimi nimeshachekwa, nimezoea. Ambacho sijawaambia walionicheka ni kitu nilichokifanya mle ndani, kwa mkono wangu mwenyewe.

Mbwa mwenyewe anaitwa Haikuhusu. Jina alilipa mama kwa ajili ya jirani mmoja, hivyo akimwita mbwa jioni kwa sauti, mtaa mzima unajua ujumbe unakwenda nyumba gani. Amekulia mapanki ya sangara, ana kilo 20 na kitu. Tangu baba atutoke, mama anapata usingizi kwa sababu Haikuhusu yupo mlangoni. Basi mbwa alipoanza kunywa maji kama ana ugomvi na ndoo, tumbo likavimba na uchafu wenye harufu ukaanza kumtoka nyuma, mama alinipa hela ya kikoba akasema, "Mwanangu, usirudi bila yeye."

Dokta, mzee wa makamo aliyesomea pale Sokoine, Morogoro, alimpapasa tumbo akasema mji wa mimba umejaa usaha. Ni ugonjwa wa majike ambayo hayajafungwa kizazi, huja wiki kadhaa baada ya joto. Dawa yake ni kuutoa mji wenyewe. Akapigwa nusu kaputi, akawekewa dripu na bomba la gesi ya usingizi. Mimi nikapewa kazi moja tu: kushika tochi ya simu, maana umeme ulikuwa unakuja na kuondoka.

Kama dakika 20 hivi baada ya kisu, nikaona fizi zinapauka. Kimashine cha presha kilichofungwa mguuni kikasoma 52. Madokta wa mbwa hawapendi wastani huo ushuke chini ya 60. Dokta akamwambia binti wake msaidizi afungulie maji kidogo, halafu afunge. Wakasubiri. Ikasoma 53.

"Dokta, mwongezee dripu!" nikasema.

"Subiri kijana," akajibu bila kuinua macho, akamnong'oneza binti kitu. Binti akageukia kabati. Nikaona hawa jamaa wanachelewa, wataniulia mbwa wa watu. Nikanyoosha mkono nikasukuma kile kigurudumu cha mpira wa dripu hadi mwisho. Matone yakageuka mchirizi.

Msinihukumu haraka. Sisi Watanzania tunaiamini dripu kuliko daktari. Mgonjwa akishatundikiwa, ndugu wanapumua, hata ya ndani ya chupa hawaulizi. Mtu akilazwa hatusemi anaumwa nini, tunasema "katundikiwa dripu," basi.

Binti aliona kwanza. Alifunga akanikazia macho, na dokta akasema neno moja tu: "Toka." Nilikaa nje kwenye benchi saa nzima nikihesabu bajaji.

Alipotoka alikuwa amepoa. Akaniuliza, "Ulivyoona presha imeshuka, ulifikiri anakosa nini?" Nikajibu maji. Akatikisa kichwa. Presha huweza kushuka kwa sababu maji ya mwilini yamepungua, ndiyo. Lakini ile gesi ya usingizi nayo huilegeza mishipa na kuuchosha moyo. Mishipa ikilegea, au moyo ukiwa mchovu, utamimina mpaka mfuko uishe.

Akanipa mfano wa manati. Ukivuta mpira kidogo, jiwe linaanguka miguuni pako. Ukivuta zaidi linakwenda mbali. Lakini ukishafika mwisho wa mpira, kuvuta tena hakuongezi kitu, na unaweza kuukata. Moyo uko hivyohivyo: maji huuvuta ili uteme kwa nguvu, ila una kikomo. Kumbe mmoja wa waliolichunguza jambo hilo, Ernest Starling wa London, alilifanyia kazi kwenye mioyo ya mbwa miaka ya 1910. Hata leo madokta wa binadamu wanatumia elimu hiyo.

Sasa utajuaje kama moyo umeshafika kikomo? Kwenye hospitali zenye mashine ya kupumulisha wanatazama mapigo: mashine ikisukuma hewa, kifua kinabana na damu inayorudi moyoni inapungua. Kama mapigo yanayumba sana kwa kila pumzi, moyo una njaa ya maji. Yasipoyumba, mwache. Dokta wangu hana mashine hiyo. Yeye hutoa kidogo, kama mililita 100 kwa mbwa wa kilo 20, kwa dakika chache, kisha anatazama. Presha ikipanda anaongeza. Isipopanda, jibu limeshapatikana. Ile 53 ndiyo iliyokuwa jibu! Binti alikuwa anapunguza gesi na kutafuta dawa ya kukaza mishipa, na mimi huku namjaza mbwa maji ambayo moyo ulishayakataa, yakatafute njia ya mapafuni.

Nikamwambia maji si sumu, dokta. Akanyamaza kidogo, kisha akanisimulia utafiti wa watoto zaidi ya 3,100 wa Kenya, Uganda na hapa kwetu Muheza, uliochapishwa mwaka 2011. Walikuwa na homa kali na dalili za damu kushindwa kuzunguka. Waliomiminiwa maji kwa kasi, katika kila 100 walikufa kama 10 au 11 ndani ya saa 48. Ambao hawakumiminiwa kwa kasi walikufa kama 7. Wa kuharisha sana hawakuwemo, hao maji ni uhai wao. Lakini wale wengine, kila aliyewaona angesema kama mimi: ongeza dripu.

Sikuwa na la kujibu.

Usiku ule dokta alimsikiliza Haikuhusu mapafu kila baada ya muda, kwa ajili yangu. Hakukohoa. Asubuhi alisimama akayumba kama mlevi, akanilamba ule mkono. Tulirudi na bajaji, mama akamwita kwa sauti yote, na jirani akafunga dirisha.

Mama anajua dokta alifanya kazi nzuri. La kigurudumu hajui. Tatizo ni kwamba gazeti hili analisoma, kwa hiyo likitoka nitakuwa Sengerema kwa shangazi, siku mbili tatu.