Siku Tatu Chini ya Mlima Ngomo

Njia itokayo Uvira kwenda Bukavu, wasomaji wapendwa, ina nyuso mbili. Sehemu ya kwanza hupita katika bonde la Ruzizi, nchi tambarare yenye joto, mashamba ya mpunga na mihogo, na makundi ya ng'ombe. Sehemu ya pili hupanda. Msafiri akifika Kamanyola huona mbele yake ukuta wa milima, na juu ya ukuta huo mstari mwembamba wa udongo. Ndiyo njia ya Ngomo. Ziwa Kivu liko mita 1,460 juu ya usawa wa bahari, na Ziwa Tanganika halifiki mita 800. Mto Ruzizi huishuka tofauti hiyo kwa kelele na mapovu. Lakini motokaa itokayo ziwa la chini yabidi ipande kwa nguvu zake yenyewe.

Mwezi wa Julai 2016 tuliifuata njia hiyo tukiwa wanne: wazee wawili wa kamati ya kituo cha afya cha kijiji chetu, mama muuguzi, na dereva kijana. Motokaa yetu ilikuwa Toyota Land Cruiser ya namba HZJ75, iliyotengenezwa mwaka 1994. Kituo chetu hakikuwa na nyingine. Mama akishikwa na uchungu usiku, ikaonekana mtoto amelala vibaya, aliteremshwa hospitalini kwa motokaa hiyo. Nayo ikiwa mbovu, alichukuliwa kwa machela mabegani mwa vijana, mwendo wa saa sita. Watoto wawili walizaliwa ndani yake njiani, na mmoja wao wenzake humwita Toyota, ingawa mama yake hapendi.

Tulikuwa tumeshuka Uvira kufuata masanduku ya dawa. Katika mfuko wa mzee mmoja zilifungwa fedha za matairi manne, ambayo tulikusudia kuyanunua Bukavu, maana ya zamani yalikuwa yamekwisha kuwa laini kama kisigino. Familia za kijiji zilichanga fedha hizo muda wa miezi saba. Tuliapa kutozigusa kwa jambo jingine.

Tukatoka asubuhi. Tulipita Kiliba penye mashamba ya miwa, kisha Sange, ambako tarehe 2 Julai 2010 lori la mafuta lilipinduka, likawaka moto na kuua watu zaidi ya 200. Hakuna dereva wa njia ile apitaye Sange bila kupunguza mwendo. Baada ya Luvungi usukani ulianza kutetemeka. Dereva akapunguza mwendo, ukatulia. Akaongeza, ukarudia, mara hii kwa nguvu, hata meno yetu yakagongana. Tena kila alipokata kona tulisikia chini ya miguu yetu sauti kama ya mtu avunjaye vijiti vikavu: ta, ta, ta.

"Ni barabara," alisema dereva. Barabara ilikuwa mbaya kweli, nasi tukapenda kumwamini.

Tulipofika Kamanyola tulisimama kula. Dereva alipeleka mkono kwenye kitovu cha gurudumu la mbele, upande wa kushoto, akaurudisha upesi akipuliza vidole. Basi tukauliza habari za fundi. Tulionyeshwa mwembe mmoja karibu na soko, na chini yake mzee mwenye kofia ya sufu, katika joto lile, akinoa tupa.

Hakuuliza neno. Alilala chali akatazama nyuma ya gurudumu. Pale ndani pana tufe la chuma, kubwa kama boga dogo, ambalo likiwa zima huwa na utando mwembamba tu wa mafuta. Letu lilikuwa limelowa, na vumbi la Ruzizi limeshikamana nalo likawa tope jeusi. Mzee alisema, "Motokaa hii inalia machozi." Kisha akaweka jeki, akashika gurudumu juu na chini, akalisukuma na kulivuta. Likagonga ndani: ko, ko.

"Mwanangu, mnakwenda wapi?"

"Bukavu, Mzee. Kwa njia ya Ngomo."

"Leo?"

"Leo, Mzee, tukijaliwa."

Mzee aliyatazama masanduku ya dawa, akamtazama mama muuguzi, akauinua uso wake kuelekea mlimani. "Mama," alisema, "gurudumu hili laweza kufika. Laweza pia kushuka peke yake kabla yenu." Ng'ambo ya daraja iko njia nyingine, ya lami nzuri, ipitayo Rwanda, lakini gurudumu bovu halijui mpaka wa nchi.

Yafaa tueleze, kwa ajili ya wanafunzi wasomao ukurasa huu, kwa nini magurudumu ya mbele ya motokaa ya namna hii ni kazi ngumu kuliko ya nyuma. Gurudumu la nyuma huzungushwa tu. Gurudumu la mbele yabidi lizungushwe na nguvu ya injini, na papo hapo ligeuke kulia na kushoto kwa amri ya usukani. Chuma kilichonyoka hakiwezi kufanya yote mawili. Katika miaka ya 1920 Alfred Rzeppa, mhandisi katika kampuni ya Ford huko Marekani, alibuni kiungo chenye gololi sita ndani ya mifereji, ambacho huzunguka kwa mwendo ulio sawa hata kikipinda. Kiungo cha ukoo huo ndicho kilichomo ndani ya lile tufe, kimezikwa katika grisi nzito. Tufe lenyewe hugeukia juu ya beringi mbili, moja juu na moja chini, na mbele yake kitovu cha gurudumu huzungukia beringi nyingine mbili. Ndizo mafundi wetu huziita kwa Kifaransa roulement. Kwa pande zote mbili ni beringi nane.

Adui wa nyumba hii yote ni kitu kidogo. Katikati ya ekseli limo sanduku la meno, lenye mafuta mepesi. Mafuta hayo huzuiwa yasiingie katika tufe na pete moja ya mpira, ambayo kiganja chaweza kuificha. Pete ikichakaa, mafuta hupita, huiyeyusha grisi, nayo hutiririka nje. Kwa nje limo duara la sufu nzito la kufuta vumbi. Nalo likichoka, vumbi na maji huingia mahali grisi ilipotoka. Hivyo sanduku la katikati hukauka, kiungo husagika, beringi hula kutu, na mwenye motokaa huona tone moja tu chini ya gurudumu, akasema si kitu.

Sisi pia tulisema si kitu. Mwezi mmoja kabla ya safari tulilipa karakana fulani mjini itengeneze magurudumu hayo. Mzee alipoifungua nati kubwa ya kitovu alituita tuone: kandokando yake zilikuwa alama za patasi. Aliyetangulia hakuwa na ufunguo wake, akaikaza kwa patasi na nyundo, tena bati la kuizuia nati isilegee alirudisha lile la zamani, lililokwisha kukunjwa na kukunjuliwa hata likapasuka. Alipaka grisi mpya juu ya uchafu wa kale. Tulikasirika sana. Mzee hakukasirika; alitikisa kichwa tu, kama mganga asikiaye jina la mwenzake.

Yeye ufunguo wake aliutengeneza mwenyewe, kwa bomba la chuma alilolipiga likawa na pande sita, upana milimita 54. Kwa ufunguo huo na kipande cha shaba ya njano cha kupigia, maana chuma kikipigwa kwa chuma hupata jeraha, alivua upande mzima kabla ya jua kutua. Kila kitu alikipanga juu ya gunia kwa utaratibu wa kukivua. Mwanafunzi wake, mtoto wa miaka kumi na mitano hivi, aliosha vyote kwa mafuta ya taa. Ndipo tulipoona beringi za tufe: njia ya vigurudumu vyake, ambayo yapasa kung'aa kama kioo, ilikuwa imechimbika mistari mistari. Huko ndiko usukani ulikojifunza kutetemeka.

Usiku ule tulifanya mkutano chini ya mwembe. Kununua beringi nane, pete, masufu na grisi kungemaliza karibu fedha zote za matairi. Mzee wa kwanza alisema watu wa kijiji watauliza: mlitumwa matairi, mmeleta nini? Matairi huonekana, pete ya mpira nani ataiona? Dereva alitaka tutengeneze upande wa kushoto tu. Mama muuguzi alikuwa kimya muda mrefu, kisha akasema kwamba yeye ndiye akaaye nyuma na mgonjwa, mlango ukiwa umefungwa kwa nje. Hapo mjadala ulikwisha.

Vyuma viliagizwa Bukavu, vikaja kesho yake na dereva wa lori. Katika kungoja tulitembea hadi ukingo wa Ruzizi, si mbali na mahali ambapo Kongo, Rwanda na Burundi hukutana. Kamanyola ni mji mdogo wenye jina kubwa: kwa sababu ya mapigano ya mwaka 1964 Mobutu alilitukuza jina hilo, hata uwanja mkubwa wa mpira wa Kinshasa ukaitwa hivyo, mpaka ulipobadilishwa jina mwaka 1997. Wauza samaki wa soko la Kamanyola hawakuonekana kujali habari hizo.

Mzee alifungua maboksi moja moja. La sita alilizungusha sikioni, akalizungusha tena, akaliweka kando. Maandishi yake yalikuwa na ukungu, na vigurudumu vilikwama kidogo, kidogo sana. Sisi hatukusikia kitu. "Boksi ni la kweli," alisema, "mtoto si wa boksi hili." Ikatubidi kungoja siku nyingine tupate badala yake. Dereva alinung'unika. Yule mzee alitumia siku hiyo kutuokolea fedha: viungo viwili vyenye gololi, ambavyo tulidhani vimekufa, alivitoa katika vyuma vyake akavibadilisha pande, cha kulia kushoto na cha kushoto kulia. Motokaa iendapo mbele, gololi husukuma daima ukuta mmoja wa mfereji. Zikihamishwa upande, husukuma ukuta mwingine ambao bado ni mzima. Jambo hilo hatukulijua, na twalisema hapa kwa wote wenye motokaa za kale.

Siku ya tatu alirudisha vyote: pete mpya kwanza, sufu mpya, beringi zilizoshindiliwa grisi kwa kiganja hata ikatokea upande wa pili. Nati ya kitovu aliikaza sana, akakizungusha kitovu, akailegeza, akaikaza tena taratibu. Kisha akamtuma mwanafunzi sokoni. Kijana akarudi na mizani ya ndoano, bado inanuka samaki, na mama mwenye mizani akimfuata nyuma kuhakikisha haipotei. Mzee aliifunga kwenye skrubu ya gurudumu, akavuta, akasoma. Baina ya kilo 3 na 5 ndipo kitovu kianze kuzunguka: pungufu, hucheza; zaidi, huungua. Ilisimama kwenye 4. Yule mama naye akasoma, akatangaza kwa sauti, "Kilo nne!" kana kwamba twanunua.

Tuliondoka alasiri. Dereva alishuka kufunga vitovu vya mbele kwa mkono, akaingiza gia ya mlima, tukaanza kupanda. Upande mmoja ukuta wa udongo, upande mwingine hewa. Chini kabisa Ruzizi ilionekana kama uzi. Malori yaliyoshuka yalitulazimisha mara tatu kurudi nyuma hadi pahali papana, na mara hizo hakuna aliyesema neno ndani ya motokaa. Usukani ulitulia. Katika kona hatukusikia ta wala ta.

Juu, upepo wa baridi ulipotupiga, dereva alisimamisha motokaa bila kuagizwa. Tulishuka sote. Mama muuguzi ndiye aliyetangulia. Aliinama, akaweka kiganja chake juu ya kitovu cha kushoto, akakiacha pale.

"Vuguvugu," alisema. Akaenda upande wa kulia.