Ngoma Isiyo na Uwanja

Mwaka 2019, nikiwa afisa utamaduni wa wilaya, niliandika katika jalada la ofisi sentensi ambayo, nakiri, niliipenda mno: kwamba ngoma isiyo na uwanja si ngoma. Haukupita mwaka ila nilirudiwa na sentensi hiyo, na aliyenirudishia ni mdogo wangu wa kike, aliyeolewa katika jimbo la Massachusetts, Marekani, na kufiwa na mumewe huko huko.

Ndugu msomaji, huenda ngoma yenyewe hujaisikia. Huitwa kontra. Asili yake ni dansi za mashambani za Uingereza, zile ambazo John Playford alizitia kitabuni London mwaka 1651. Zikavuka bahari na walowezi, zikaota mizizi kaskazini mashariki ya Marekani. Wachezaji hujipanga mistari miwili mirefu, wawili wawili. Fidla na piano hulia, na jukwaani husimama mwitaji, ambaye hutangaza kila hatua kabla kidogo ya wakati wake: shikaneni mikono ya kulia, zungukeni, badilishaneni nafasi. Kila mzunguko wa wimbo ukiisha, jozi husogea na kukutana na jozi nyingine, hata mtu akawa ameshikana mikono na wengi wa waliomo mstarini mwake. Mimi ni mtunzi wa mashairi, na kilichonishangaza ni hesabu yake. Mzunguko mmoja una mapigo 64, mafungu manne ya mapigo 16. Mwanafunzi yeyote aliyewahi kupima ubeti wa tarbia, mishororo minne ya mizani 16, ataona nilichokiona. Na kama mshororo wetu unavyokatika nane kwa nane, ndivyo hatua zao nyingi zinavyokatika.

Mdogo wangu alikuwa akicheza mjini Greenfield, katika ukumbi wa Guiding Star Grange. Baada ya msiba, aliniambia, hapo ndipo pahali pekee alipokuwa akishikwa mkono. Machi 2020 ugonjwa wa UVIKO-19 ulifunga kumbi, naye akabaki na nyumba tupu na mlio wa jokofu.

Mwezi wa Mei akanipigia simu. "Kaka, Jumamosi tunacheza kwa video. Nawe uje." Saa mbili ya usiku kwao ni saa tisa ya usiku kwetu. Niliamka, nikajitanda shuka, nikaketi mbele ya kompyuta kama shahidi aliyekuja kuthibitisha sentensi yake mwenyewe.

Na hoja nilikuwa nayo. Sauti ipitayo katika intaneti huchelewa. Kontra huenda kwa mapigo kama 115 kwa dakika, yaani kila pigo ni kama nusu ya sekunde, hivyo kuchelewa kidogo tu hutosha kuwavuruga wapigaji wawili walio katika nyumba mbalimbali. Lakini wenyeji wa shughuli ile walilijua hilo kabla yangu. Muziki na mwito vilitoka nyumba moja tu: baba fidla, mama piano, binti yao mwitaji. Sisi wengine tulizima vipaza sauti. Kila nyumba ilichelewa kwa kadiri yake, wala hapana aliyetambua, maana hapana aliyemsikia mwenziwe. Hata kile kichujio cha programu, ambacho huidhania fidla kuwa kelele, walikuwa wamekizima.

Binti yule nilimstahi. Ukumbini mwitaji hunyamaza baada ya mizunguko michache, kwa kuwa mgeni hubebwa na mikono ya wajuzi. Nyumbani nani atakubeba? Basi aliita mpaka mwisho. Alichagua hatua nyepesi ambazo mtu aweza kuzicheza peke yake katikati ya viti, na kila aliposema "wewe uliye peke yako" alisema bila huruma yoyote, kama asemaye "wewe uliyevaa kijani". Kila wimbo ulipoisha alitufungulia sauti sote tupige makofi, na yale makofi yaliyopishana yalikuwa kama mvua ianzayo kwenye bati. Kisha alitugawa wanne wanne katika vyumba vidogo tuzungumze. Nilikutana na mzee mmoja aliyeniuliza habari za mahindi yetu kwa urefu kuliko bosi wangu yeyote.

Katika wimbo wa tatu nilimwona mdogo wangu akinyoosha mkono wa kulia hewani, usawa wa kiganja cha mtu mrefu, akazunguka. Nikajua ni kiganja cha nani. Nilitaka kuzima kompyuta. Lakini alikuwa akicheka. "Kaka, simama!" Nikasimama na shuka langu.

Sisemi kwamba kilichopotea ni kidogo. Wanapozungushana kwa kasi hutazamana machoni ili wasishikwe na kizunguzungu. Kamera haina macho, na ukiitazama yenyewe humwoni mwenzio. Wala uzito wa mtu haupiti wayani. Katika ile sentensi yangu nilikata maneno mawili, nikayarudisha, na jalada likaenda masijala likiwa na alama ya kuuliza pembeni.

Kumbi zilipofunguliwa tena alirudi, akiwa na barakoa. Alinipigia usiku ule ule. Alinyoosha mkono kama alivyozoea jikoni kwake, akasema, na mtu akaushika, naye akashtuka hata akakosa hatua.